Takrima, Vijisenti na Kikombe Kilichovunjika: Uhakiki wa Lugha Inayositiri Wizi wa Mali ya Umma

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki shairi, hadithi na tamthilia. Ni nadra kuhakiki usemi wa watu tuliowapigia kura, kana kwamba maneno ya mbunge au waziri si utungo. Lakini mwanasiasa naye huteua msamiati, hupanga viambishi, hutumia tamathali, na hadhira yake aghalabu ni kubwa kuliko ya mshairi yeyote. Tena malenga akikosea kina, hasara ni ya sikio tu. Kiongozi akiteua neno la kusitiri wizi, hasara ni ya zahanati isiyo na dawa na darasa lisilo na madawati. Makala haya yanakusudia kuchukua maneno machache yaliyotumiwa katika mambo ya rushwa na ubadhirifu, hasa nchini Tanzania ambako Kiswahili ndicho lugha ya Bunge, na kuyapima kwa mizani ileile tunayopimia tungo nyingine.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba sarufi ni sarufi na siasa ni siasa, na kwamba mwalimu akichanganya hizo mbili atajitafutia balaa. Hoja yao ina uzito, nasi tutairudia mwishoni. Kwa sasa yatosha kusema kwamba hatukuichanganya sisi. Wenye madaraka waliichanganya zamani, walipogundua kwamba kiambishi kimoja kinaweza kuwapunguzia aibu.

Maneno ya urithi

Kwanza tukumbuke kwamba Kiswahili si maskini wa kuutaja uovu huu. Tunayo rushwa, tunayo hongo, tunao mlungula, na kila neno lina historia yake. Hongo, kwa mfano, katika karne ya 19 lilikuwa ni ushuru ambao misafara iliyotoka mwambao kwenda Unyamwezi na Ujiji iliwalipa watawala wa nchi ilizozipita. Ulilipwa mchana kweupe, baada ya mabishano marefu juu ya idadi ya doti za nguo na uzito wa shanga. Neno lililotaja malipo ya wazi limekuja kutaja malipo ya gizani. Hapo tunapata somo la kwanza: malipo maovu hupenda kuvaa nguo za malipo ya halali, na lugha ndiyo duka la nguo hizo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Kiswahili cha Tanzania kilipata msamiati mkali. Mnyonyaji aliitwa kupe, na njia zake za kujitajirisha ziliitwa mirija. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU ilikuwamo ile ya kutotoa wala kupokea rushwa, kwa kuwa rushwa ni adui wa haki. Kadhalika watu wa kawaida wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kuunda neno wabenzi, wakichukua jina la gari la Kijerumani na kulitia katika ngeli ya watu, kama kwamba ni kabila jipya lililozuka baada ya uhuru. Sifa ya maneno hayo ni kwamba yana mtenda na yana mtendwa. Kupe hunyonya, na yuko ng'ombe anayenyonywa; hakuna anayeuliza damu imekwenda wapi.

Hata hivyo yalikuwa na kasoro, nayo ni kubwa. Kupe alikuwa ni mtu mwingine siku zote: bepari, mlanguzi, mgeni. Ilikuwa vigumu kulitumia neno hilo kwa mtu aliyesimama jukwaani akilitamka. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa mwaka 1996 kuchunguza kero ya rushwa, ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea ndani ya ofisi za umma zenyewe. Ilitofautisha wale wanaopokea kwa sababu mshahara haukidhi maisha na wale wakubwa wanaopokea kwa tamaa ya kujilimbikizia mali. Msamiati wa kupe haukuwa na nafasi ya tofauti hiyo. Pengo hilo ndilo lililojazwa na maneno laini tutakayoyatazama sasa.

Takrima, au ukarimu uliogeuzwa mwelekeo

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985. Kabla ya hapo mgombea aliyewalisha na kuwanywesha wapiga kura alikuwa hatarini kuhesabiwa mtoa rushwa. Marekebisho yalisema kwamba jambo lililofanywa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kijadi, halitahesabiwa kuwa rushwa. Watu wakakiita kifungu hicho kwa neno moja tu, takrima.

Neno hili ni zuri mno, na uzuri wake ndio hatari yake. Limetoka katika shina la Kiarabu lililotupa karimu, ukarimu, karama na karamu. Shaaban Robert alipotafuta jina la shujaa wake katika Kusadikika, alichagua Karama, wa ukoo huohuo wa maneno. Basi mtu akikataa takrima huonekana kana kwamba anakataa ukarimu wenyewe, na nani katika sisi atakubali kuitwa mchoyo? Sheria iliazima heshima ya utamaduni mzima ikaifunika sahani ya pilau ya mgombea.

Lakini tuchunguze desturi yenyewe. Katika mila zetu ukarimu hutoka kwa mwenyeji ukaenda kwa mgeni. Mgombea anayeingia kijijini kuomba kura ni mgeni. Mwenyeji ni yule bibi kizee aliyeketi chini ya mwembe, na kwa haki ya mila yeye ndiye wa kumkirimu mgombea kwa maji na muhogo. Mgeni akija na mchele, nyama na fulana akamlisha mwenyeji, mwelekeo umegeuzwa, na jambo lililogeuzwa mwelekeo haliwezi kubaki na jina lake la awali. Tena ukarimu wa jadi haufuati kalenda. Mtu akirimuye kila baada ya miaka mitano, katika majuma machache kabla ya kura, anafanya ununuzi. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa na maana ya kwamba hata ukarimu una mpaka na una wajibu baada yake. Mgombea wa takrima huondoka siku ya pili. Jembe hulishika wapiga kura.

Mwezi wa Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, ilitamka kwamba vifungu vya takrima vinapingana na Katiba. Mahakama iliona kwamba vinambagua mgombea maskini mbele ya tajiri, na kwamba mpaka kati ya takrima na rushwa haukuwekwa wazi. Kwa mwalimu wa lugha hukumu hii ina funzo lake. Majaji walikuwa wanafanya kazi tuifanyayo sisi katika kipindi cha msamiati: walichukua maneno mawili yaliyodaiwa kuwa tofauti wakauliza tofauti yake ni nini. Hawakuiona. Maneno mawili yasiyoweza kutofautishwa ni visawe, na kisawe cha rushwa hakiwezi kuwa halali kwa kuwa kina sauti tamu.

Vijisenti, au kazi ya kiambishi kidogo

Mwezi huohuo wa Aprili, miaka miwili baadaye, Tanzania ilipata neno jingine. Wapelelezi wa Uingereza waliokuwa wakichunguza mauzo ya rada ya kampuni ya BAE kwa serikali ya Tanzania walikuta zaidi ya dola milioni 1 za Kimarekani katika akaunti ya Andrew Chenge kisiwani Jersey. Bwana Chenge alikuwa mbunge wa Bariadi Magharibi na Waziri wa Miundombinu. Kabla ya hapo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alipoulizwa na waandishi wa habari alizitaja fedha hizo kuwa ni vijisenti. Siku chache baadaye alijiuzulu uwaziri. Haki inatudai tuseme kwamba hakutiwa hatiani na mahakama kwa ajili ya fedha hizo, wala uhakiki huu hauhukumu asili yake. Sisi tunahukumu neno.

Tulichambue. Mzizi ni senti, sehemu ya mia ya shilingi, ambayo mwaka 2008 haikuweza tena kununua chochote. Juu ya udogo huo kimewekwa kiambishi vi- cha ngeli ya udogo, na kati yake kimepachikwa -ji-, kile tunachokikuta katika vijitu na vijineno, ambacho mara nyingi huongeza dharau. Kwa hiyo dola milioni moja zimepunguzwa mara tatu: kwa mzizi, kwa ngeli, na kwa kiambishi cha dharau. Ni kazi kubwa kwa neno la silabi nne.

Hapa msomaji atasema: mbona Mswahili hupunguza kila alicho nacho? Mgeni akiletewa sinia la wali huambiwa karibu chakula kidogo. Mwenye nyumba ya mawe hukwambia karibu kibandani. Zawadi nono hutolewa kwa kuombewa radhi kwamba ni kitu kidogo tu. Ndivyo, na hiyo ni adabu ya kweli, wala mtu asiitupe. Lakini adabu hiyo ina sharti ambalo mara nyingi hatulitaji kwa kuwa kila mtu analijua: anayepunguza ni mwenye mali, na anapunguza ili kumwinua mwenzake. Mwenyeji hujishusha ili mgeni asione haya kula. Kiongozi anayeziita dola milioni moja vijisenti mbele ya umma ambao wengi wao hawajapata kushika dola moja, hajishushi. Anawashusha wao. Chombo cha unyenyekevu kimegeuka kipimo cha umbali kati yake na waliomchagua. Wananchi walilisikia hilo mara moja, kabla ya mwanaisimu yeyote kulieleza, ndiyo maana neno lilienea mitaani kwa kicheko chenye uchungu, na watu wakaanza kuombana vijisenti vya nauli.

Kiswahili cha nchi zetu zote kimejaa jamaa za neno hili. Kitu kidogo kinajulikana Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mwaka 2001 mwanamuziki wa Kenya Eric Wainaina aliuita wimbo wake Nchi ya Kitu Kidogo, na jina hilo pekee ni uhakiki uliokamilika: ameweka neno kubwa, nchi, ubavuni mwa neno dogo, akatuonyesha kwamba udogo umemeza ukubwa. Chai ni jamaa mwingine. Soda ni wa tatu. Huko Burundi na Rwanda huitwa kwa jina la kinywaji, Fanta. Kongo wana matabishi, na Walingala husema maharagwe ya watoto, madesu ya bana. Baada ya sakata la akaunti ya Tegeta Escrow la mwaka 2014, lililohusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotolewa Benki Kuu ya Tanzania, mboga nayo iliingia katika orodha. Msomaji ataona kwamba karibu yote ni chakula na kinywaji. Anayeomba chai huomba kama mwenye kiu, na nani atamnyima maji mwenye kiu? Njaa ya polisi wa barabarani ambaye mshahara wake umechelewa na shibe ya mkubwa mwenye akaunti ng'ambo zimewekwa katika kikombe kimoja, ili huruma tuliyo nayo kwa wa kwanza imfae wa pili.

Kikombe kimevunjika

Tutoke katika majina twende katika vitenzi. Hakuna mwalimu miongoni mwetu ambaye hakuandika ubaoni sentensi hii: Kikombe kimevunjika. Tunaitumia kufundisha kauli ya kutendeka, na tunaeleza kwamba hapa hatushughuliki na aliyevunja. Katika kauli ya kutendwa mtenda anaweza kurudishwa kwa neno na: kikombe kimevunjwa na Juma. Katika kauli ya kutendeka hana mlango wa kuingilia. Huwezi kusema kikombe kimevunjika na Juma.

Sasa tusikilize taarifa za fedha za umma. Fedha zimepotea. Fedha hazikuonekana katika vitabu. Fedha zimetumika vibaya. Mradi umekwama. Hesabu hazikukamilika. Kila mara ni kikombe kilichovunjika chenyewe, na Juma yuko nje akicheza. Yako mataifa yenye hasara za mabilioni na ambayo, ukisoma vitenzi vyake, hayana mwizi hata mmoja.

Si haki kudai kwamba kauli ya kutendeka ni ya uongo kila itumikapo. Mkaguzi ambaye bado hajamjua mhusika hufanya vyema kuandika kwamba fedha hazikuonekana, kwa sababu kumtaja mtu bila ushahidi ni dhuluma nyingine. Kauli hii ni ya uaminifu wakati mtenda hajulikani. Inakuwa hila pale mtenda anapojulikana, amekwisha kutajwa katika ripoti ya uchunguzi, lakini msemaji anarudi kwenye fedha zimepotea kama mtoto aliyeshikwa na vipande vya kikombe mkononi. Mwanafunzi akijua tofauti hiyo, amejifunza sarufi zaidi ya ile iliyo katika kitabu.

Kwa upande mwingine yako matukio ambamo nomino yenyewe imekataa kufichwa. Mwaka 2023 nchini Uganda mabati yaliyokusudiwa kwa watu wa Karamoja yaligunduliwa yamegawiwa wakubwa, wakiwamo mawaziri na wabunge. Waziri aliyehusika na Karamoja alifikishwa mbele ya mahakama ya rushwa mwezi wa Aprili mwaka huo, akakana mashtaka. Neno mabati lilitawala mazungumzo ya siasa ya nchi nzima, hata miongoni mwa watu wasiosema Kiswahili. Kwa nini? Kwa sababu bati huhesabika. Lina muhuri wa ofisi, liko juu ya paa, linang'aa juani, na kila mtu anajua nyumba ambayo halikufika. Huwezi kuliita kijibati ukasameheka. Fedha hulainishwa na lugha upesi kuliko vitu. Ndiyo sababu mwandishi mwema hugeuza fedha kuwa vitu kabla ya kuandika.

Hata kisa cha rada kinatufundisha hivyo. Mwezi wa Desemba 2010 kampuni ya BAE ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza vizuri hesabu za malipo yaliyohusu mauzo hayo, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa ajili ya wananchi wa Tanzania. Zilielekezwa katika vitabu na madawati ya shule za msingi. Ni mara chache sana tunapata tafsiri iliyo wazi namna hii. Kwa miaka mingi watu walibishana kwa lugha ya mikataba, mawakala na asilimia. Mwishowe kamusi ikafunguka, na maana ya maneno hayo yote ikawa ni dawati ambalo mtoto hakulikalia.

Udhaifu, au neno lililoshtakiwa

Tumeona maneno laini yanavyowaponya wakubwa. Je, neno kavu humfanya nini anayelitamka? Mwishoni mwa mwaka 2018 Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, alihojiwa na idhaa ya Kiswahili ya Redio ya Umoja wa Mataifa. Aliulizwa kwa nini ripoti zake za ukaguzi hazifuatiwi na hatua. Katika kujibu alisema kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Alieleza kwamba udhaifu ni neno la kawaida katika taaluma ya ukaguzi. Maelezo hayo hayakutosha. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye. Novemba ya mwaka huo alitolewa katika kazi yake, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumwondoa kabla ya muda wake kulikwenda kinyume cha Katiba.

Tulitazame neno. Udhaifu ni nomino dhahania ya ngeli ya U, haina matusi, haina kejeli. Hutumika kwa mgonjwa aliyeinuka kitandani na kwa ukuta uliopata ufa. Halisemi wabunge ni wezi. Lasema chombo hakina nguvu ya kutosha kufanya kazi yake. Mtu anaweza kubishana na tathmini hiyo kwa kuonyesha mahali Bunge lilipokuwa na nguvu. Mfano haukuwa mbali: mwaka 2008 ni kamati teule ya Bunge hilohilo, chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, na baada ya ripoti yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Jibu hilo lingekuwa hoja kwa hoja. Badala yake kilichojadiliwa ni heshima. Basi tupime kwa mizani ya mhakiki: vijisenti lilikuwa neno la dharau kwa wananchi, na wananchi hawakuwa na kamati ya maadili ya kumwita aliyelitamka, udhaifu lilikuwa neno la kitaalamu kwa wakubwa, na kamati ilikuwapo. Adabu ya lugha inayotazama upande mmoja tu ni itifaki.

Jukwaani: Mstahiki Meya

Watunzi wetu wameliona jambo hili. Katika tamthilia ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyochapishwa mwaka 2009 na kusomwa na wanafunzi wengi wa Kenya, mji wa Cheneo unatawaliwa na Meya Sosi. Zahanati haina dawa, wafanyakazi hawajalipwa kwa haki, ilhali wageni wa baraza wanapaswa kukirimiwa vilivyo. Wapo madiwani wa kuitikia na yupo diwani mmoja wa kupinga. Hata fimbo ya umeya, alama ya mamlaka ya mji, inageuka kuwa kitu cha kuuzwa.

Kwa shabaha ya makala haya nguvu ya tamthilia hii imo katika jina lake. Mstahiki ni mtu anayestahiki. Je, anastahiki nini? Kila tendo la Sosi linaliuliza jina hilo swali hilo, mpaka mwisho wake cheo kinakuwa kejeli bila mtunzi kubadili hata herufi. Hivyohivyo na mheshimiwa. Sarufi yatuambia kwamba neno hili limejengwa kwa kauli ya kutendwa, mtu anayeheshimiwa, na kila kauli ya kutendwa ina mtenda aliyejificha. Mtenda huyo ni sisi. Heshima haikumwota mbunge kama nywele. Alipewa, na kilichotolewa kinaweza kudaiwa.

Kasoro ya tamthilia ni kwamba wakubwa wake ni waovu waziwazi mno. Mtazamaji hutoka akiwa amemchukia Sosi, lakini haulizwi kama yeye mwenyewe alikula pilau ya siku ya kampeni. Katika maisha rushwa ya uchaguzi ina mikono miwili. Fasihi yetu inaujua mkono unaotoa kuliko inavyoujua mkono unaopokea, yamkini kwa sababu mkono unaopokea ndio unaonunua vitabu.

Kazi yetu darasani

Sasa turudi kwa wale wenzetu wenye hofu ya balaa. Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani, wanafunzi wetu wengi hawakulipata Kiswahili ziwani mwa mama. Walilipata barabarani, sokoni na kizuizini, na huko neno la kwanza la baadhi yao lilikuwa ni chai kwa maana ile nyingine. Wazee wa Uganda wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 Kiswahili kiliwaachia maneno kama magendo na mafuta mingi. La pili walikuwa ni wale waliotajirika kwa maduka yaliyoachwa na Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Mwalimu wa sarufi husahihisha haraka: mafuta mengi. Amefanya vyema, lakini amesahihisha nusu. Mwanafunzi ajue pia kwamba kosa lile la upatanisho lilibebwa na watu walioona sawasawa kilichokuwa kikitendeka. Kuna waliosema Kiswahili kibovu wakasema kweli, na wapo wasemao Kiswahili fasaha wakaificha.

Hatuhitaji kumtaja kiongozi yeyote darasani, wala hatutakiwi kugeuza kipindi kuwa mkutano wa hadhara. Tunahitaji maswali matatu tu, ambayo mwanafunzi aweza kuyauliza mbele ya sentensi yoyote ihusuyo mali ya umma. La kwanza ni la kauli: nani ametenda, na kama hakutajwa, je, hajulikani au amefichwa? La pili ni la ngeli: kitu hiki kimepunguzwa au kukuzwa na nani, na kwa faida ya nani? La tatu ni la umilikishi: fedha hizi ni za nani? Swali hili la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, kwa sababu kiunganishi za hufuatiwa mara kwa mara na neno serikali, kana kwamba serikali ililima kahawa ikauza. Mwanafunzi aandike upya sentensi tatu au nne za gazeti kwa kuyajibu maswali hayo, na mwalimu asahihishe upatanisho wa kisarufi tu. Yaliyobaki sentensi zenyewe zitayafundisha.

Neno la mwisho ni juu ya ufisadi. Kwa wazee wa lugha fisadi alikuwa ni mtu mwasherati, mharibifu wa nyumba za watu. Katika muda wa miaka michache, hasa kuanzia mwaka 2007, Tanzania ililisikia neno hilo kila siku kwa maana ya uporaji wa mali ya taifa, kama Kenya ilivyokuwa imekwisha kulisikia. Upanuzi huo ulikuwa wa haki, maana ulirudisha katika jambo hili aibu ambayo chai na takrima ziliiondoa. Lakini neno likitupwa kwa kila mpinzani katika kila mkutano huchakaa, na neno lililochakaa humfaa mwizi kama neno laini. Pale palipotolewa hongo tuseme hongo. Palipoibwa tuseme wizi. Palipofujwa kwa uzembe tuseme ubadhirifu. Na pale ambapo mtu ameshukiwa tu, tuseme ameshukiwa. Kiswahili kimetupa maneno hayo yote, kila moja kwa kipimo chake, na kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi anaondoka akiwa nayo yote.